Chumvi Niliyoichimba

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe la kanisani. Mama alilipiga pasi ya mkaa, maana mtoto wake alikuwa amepata kazi ya serikali, na kwetu Daudi, kijiji cha Mbulu, mtu wa serikali tulimjua kuwa ni mtu wa kalamu na meza. Nilipanda lori la mahindi hadi Dongobesh, nikauliza ofisi ya visima iko wapi, nikaoneshwa shimo. Pembeni ya shimo, juu ya rundo la kokoto, alikuwa ameketi Fundi Mkuu wa Visima, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye Tluway?"

"Ndiyo mimi."

"Vua hilo shati. Kule chini hakuna ibada."

Nililivua. Kabla ya kunishusha, alifunga koroboi kwenye kamba, akaiteremsha ikiwa imewashwa. Ninyi vijana mnaopima hewa kwa mashine, jueni kwamba sisi tulipima kwa moto. Koroboi ikizimika, hakuna mtu kushuka, hewa ya chini ni mbaya. Ikiendelea kuwaka, unafungwa kamba kiunoni, kamba inapitishwa kwenye kapi, gurudumu lile la kuvutia mizigo, na wenzako wanakuteremsha polepole. Yangu iliendelea kuwaka, kwa bahati mbaya, nikasema moyoni.

Chini nilikuta giza, baridi na harufu ya udongo ambao haujawahi kuona jua. Nilipewa mtaimbo nikaambiwa nipige. Nilipiga mpaka mchana, viganja vikachubuka. Halafu ukuta wa shimo ukaanza kutoka jasho. Nakumbuka niliacha kupiga, nikaweka kiganja pale, maji yakanijaa mkononi taratibu, ya baridi, safi, na hakuna mtu aliyeyaleta. Nilikuwa nimekunywa maji maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuwapo yanapotokea. Nilitetemeka. Walidhani hewa imekuwa mbaya, wakanivuta juu mbiombio.

Fundi Mkuu alinitazama, akacheka. "Umeyaona? Basi shika neno moja tu, mengine utajifunza. Ukiyakosa, shuka. Ukiyapata kidogo, shuka tena."

Neno hilo lilinilisha miaka mingi. Tulichimba Dongobesh, tukachimba Bashay, tukachimba kwenye miteremko ambako hata mbuzi anatembea kwa kujishika. Kazi ilikuwa hivi: unachimba kwa sururu, unapandisha udongo kwa ndoo, na kadiri unavyoshuka unateremsha pete za zege, moja juu ya nyingine, ili ukuta usikuangukie. Timazi, yaani kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi, kinakuambia kama kisima kinasimama wima. Nilikuwa na mkono mzuri wa timazi, na sioni aibu kujisifu kwa hilo. Nikahamishiwa Hanang nikiwa tayari naitwa Fundi.

Huko bondeni kwa wafugaji nilikutana na maji ya magadi. Unachimba kidogo tu unapata maji mengi, unashangilia, unaonja, unatema. Ng'ombe wanayaramba kwa hamu yao ya chumvi, lakini mtu hawezi kuyanywa. Mhandisi wa Maji wa Wilaya, mtu mkimya ambaye alipenda kuchora kwa kijiti mchangani, alinichorea tabaka mbili. "Hapa juu magadi. Hapa katikati udongo mzito usiopitisha kitu. Chini yake, maji ya mvua za zamani. Ipite chumvi, Fundi. Shuka uipite, uzibe vizuri na pete."

Nikashuka, nikaipita, nikaziba. Maji yaliyotoka yalikuwa matamu. Mzee mmoja mfugaji, mwenye kisima hicho karibu na boma lake, hakutaka kuyaonja. Aliita ng'ombe wake mmoja mzee, akamwekea kwenye karai. "Huyu akinywa, nami nitakunywa," akasema. Ng'ombe akanywa karai lote. Mzee akanikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, jambo ambalo wenzangu waliniambia halitokei hivihivi. Kwa hiyo mniwie radhi kama kichwa kilivimba. Nilikuwa mtu aliyezidi ujanja hata chumvi.

Ndiyo maana mradi mmoja wa pwani ulipoomba fundi wa visima vya mkono, Mhandisi wa Wilaya alinitaja mimi. "Wewe hujawahi kukosa maji," akaniambia. "Nenda miezi mitatu, urudi."

Niliondoka na sweta mbili na blanketi. Msicheke, kwetu huwezi kusafiri bila sweta. Baada ya mabasi na lori, nilifikishwa mahali ambapo barabara ilikwisha, nikaiona bahari. Nilikuwa nimezoea Ziwa Basotu, kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta ng'ambo. Nilitafuta ng'ambo kwa macho mpaka machozi yakanitoka, nikatambua kwamba haipo. Nilivua kofia. Sijui nilimvulia nani, mikono ilijivulia yenyewe.

Kijiji chenyewe, jina lake naliacha, kilikuwa juu ya ulimi mwembamba wa mchanga. Upande mmoja bahari, upande mwingine mikoko, ile miti inayosimama majini kwa mizizi yake mingi. Hapakuwa na barabara. Mtu alifika kwa mtumbwi, na mtumbwi ulifika maji yakijaa tu, kwa sababu yakipwa unabaki umekwama kwenye tope mpaka yarudi yenyewe. Mwalimu wa shule, ambaye alikuwa mmoja kwa madarasa yote, aligonga kengele kwa kufuata maji wala si kwa kufuata saa. Nilimshangaa siku ya kwanza, siku ya tatu nikamwelewa.

Chumvi ilikuwa kila mahali. Kufuli langu jipya liliota kutu kabla sijazoea njia ya kwenda kuoga. Misumari ilikuwa haikai, nyumba zilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na makuti ya paa yalibadilishwa mara kwa mara kama sisi tunavyobadilisha mashati. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Niliwaeleza watoto kuhusu maziwa ya mgando, wakanitazama kwa huruma. Lakini maji yalipopwa, wanawake walitoka na vikapu, wakatembea pale palipokuwa bahari saa chache tu nyuma, wakarudi na kitoweo cha chaza na kaa. Shamba lao lilikuwa linafunikwa na kufunuliwa mara mbili kila siku, na hakuna aliyelima. Mimi niliyekulia kwenye jembe niliona jambo hilo ni kubwa mno, nikawa nakwenda kusimama pale kila siku nitazame.

Na katikati ya chumvi hiyo yote palikuwa na kisima kimoja cha maji matamu.

Kilikuwa kifupi cha kuchekesha. Mtu angeweza kuingia na kutoka bila kamba, na maji yalifika magotini tu. Hakikuwa na ndoo. Maji yalitekwa kwa kata, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, na aliyeishika kata hiyo alikuwa bibi mmoja mwembamba, Bi Somoe, mlinzi wa kisima. Kila mwanamke alisubiri zamu yake. Bi Somoe aliteka juu juu, bila kutikisa, kata moja, akangoja kidogo, kata nyingine. Yeye ndiye aliyeamua wakati wa kuteka na siku za kukipumzisha.

"Shikamoo, Bibi," nilimwambia. "Mimi ni Fundi wa Maji kutoka Mbulu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, Bwana Maji. Kaa kwanza."

"Mbona mnateka kidogo kidogo hivi? Wengine wanasubiri."

"Wasubiri. Maji yenyewe yanasubiri." Akanionesha kwa kidole. "Tazama."

Nilitazama. Kwenye ukuta wa kisima palikuwa na jiwe moja jeupe. Nilipofika, jiwe lilikuwa juu ya maji. Tukakaa, tukaongea habari za safari, na nilipotazama tena jiwe lilikuwa limezama. Hakuna mvua iliyonyesha, hakuna mtu aliyemwaga kitu. Kisima kilikuwa kimepanda chenyewe. Nyuma ya minazi nikasikia bahari ikiingia.

Nilichimba visima nusu ya umri wangu, sikuwahi kuona kisima kinachopumua. Siku hizi naweza kuwaeleza: maji ya mvua huzama mchangani, huko chini yanayakuta maji ya bahari yameshatangulia, na kwa kuwa ya mvua ni mepesi, yanakaa juu kama utando wa mafuta juu ya maziwa yaliyochemshwa. Bahari ikijaa, inauinua utando. Ikipwa, inaushusha. Kijiji kizima kilikuwa kinaishi kwa utando huo. Nilipaswa kuyafikiri haya siku ile pale kisimani, na ubongo wa kuyafikiri nilikuwa nao. Lakini nilikuwa na neno la Fundi Mkuu kichwani. Ukiyapata kidogo, shuka tena.

Mradi ulitaka kisima hicho kirefushwe, kiwekwe pete za zege na pampu ya mkono. Nilipoanza kushusha vifaa, Bi Somoe alinijia.

"Bwana Maji, usiguse chini. Utaamsha chumvi."

"Bibi, mimi chumvi naijua. Kwetu Hanang niliipita, nikaiacha juu huko, nikachota matamu chini."

"Hapa siyo kwenu."

"Maji ni maji, Bibi."

Nilisema hivyo, mbele ya wanawake, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. Mpaka leo nikiikumbuka sentensi hiyo naona aibu, tena peke yangu, bila mtu wa kunitazama.

Nikashuka pete mbili. Maji yalikuja kwa wingi, ya kiunoni. Pampu ikafungwa, watoto wakaning'inia kwenye mpini, madumu yakajaa bila foleni, akina mama wakapiga vigelegele. Bi Somoe alikaa mlangoni kwake na kata yake mapajani. Siku ya nne mwanamke mmoja aliniambia maharage hayaivi. Siku ya tano sabuni haikutoa povu. Siku ya sita nilionja nikatema.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilifanya nilichokijua. Ipite chumvi, Fundi. Nikafungua pampu, nikashuka pete ya tatu nikitafuta ule udongo mzito na maji matamu ya chini yake. Hapakuwa na udongo mzito. Palikuwa na mchanga, na chini ya mchanga palikuwa na bahari, inanisubiri. Iliniingia miguuni kwa nguvu, nikatoka mbio, nikaketi ukingoni nikatazama kisima cha watu kikijaa maji ya bahari hadi juu. Nililia. Nililia kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, nikimwita mama yangu.

Ilikuwa kiangazi, masika yako mbali. Maji matamu ya karibu yalikuwa kwenye kijito cha bara, nusu siku kwa mtumbwi, unakwenda maji yakijaa, unarudi yakijaa tena. Kila nyumba ikapimiwa maji ya kunywa na uji, basi. Binti yake Bi Somoe, Zaituni, alikuwa amejifungua karibuni, na maziwa yalianza kumkauka kifuani kwa sababu hakuwa anakunywa vya kutosha. Mtoto alilia mchana kutwa, na nyumba niliyopangishwa ilipakana na yao. Hakuna mtu aliyenitukana. Waliniletea chakula kama kawaida, kimepikwa kwa maji ya kupimwa, na hilo lilikuwa gumu kumeza kuliko tusi.

Asubuhi moja nilikwenda kwa Bi Somoe, nikapiga goti, kama kwetu tunavyowaomba wakubwa.

"Bibi, nifanye nini?"

"Kifukie," akasema. "Mpaka pale ulipokikuta. Mchanga uchukue pale juu kwenye minazi, ule ambao bahari haijaugusa. Halafu tuombe mvua."

Kufukia kisima! Hakuna fundi aliyefundishwa hilo. Nikaivua pampu, nikang'oa pete zangu tatu, nikaanza kubeba mchanga kwa makapu. Siku ya pili wanawake wakaja na makapu yao, bila kuitwa. Mchana nilibeba mchanga, na maji yalipojaa nilipanda mtumbwi kwenda kijitoni na wazee wawili, mimi nisiyejua kuogelea, nimeshika kingo kwa mikono yote kiasi kwamba wazee walikosa nguvu za kupiga kasia kwa kicheko. Dumu la kwanza lilikuwa la Zaituni. Niliapa hivyo na nilitimiza.

Katikati ya kazi hiyo Msimamizi wa Mradi alifika na kamera yake, kuipiga picha pampu.

"Fundi, pampu iko wapi?"

"Ile pale, mzee, chini ya mnazi."

"Na kisima?"

"Nimekifukia nusu."

"Umefukia kisima cha serikali?" Sauti ilisikika mpaka mikokoni. "Una wazimu? Rudisha pete! Fungeni pampu, yavutwe mpaka yasafike!"

Nilikuwa nimeweka dumu moja la maji yale ya pampu. Nikammiminia kikombe. Alikunywa kwa hasira, akatema juu ya viatu vyake mwenyewe. Akaifunga kamera yake.

"Sasa mimi nitaandika nini?" akauliza, safari hii polepole.

"Andika kwamba nimekosa."

Akaandika. Barua ya onyo ikaingia kwenye faili langu, na ilikuwa haki yangu. Miezi yangu mitatu ilipokwisha sikurudi, nikaomba likizo yote niliyokuwa nayo. Nikakaa kwenye ule mchanga na sweta zangu mbili, nasubiri mvua ya watu wengine.

Masika yalikuja. Mtu wa Mbulu anaijua mvua, na mimi jina langu lenyewe, Tluway, kwa Kiiraqw maana yake ni mvua, nilizaliwa ikinyesha. Lakini sikuwahi kuiomba kwa jina kama nilivyoiomba kule. Ilipiga makuti mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Kila asubuhi, kabla hajatia kitu kingine mdomoni, Bi Somoe alikwenda kisimani, akateka kata moja juu juu, akaonja.

"Bado," akasema.

Kesho yake, bado. Wiki iliyofuata, bado. Mvua zikapungua, nikaanza kukata tamaa, nikawa siulizi tena, naenda tu kusimama karibu naye. Ndipo asubuhi moja alionja. Akainywa kata yote, akateka nyingine, akanipa. Nilikunywa. Nimekunywa maji ya chemchemi za Daudi yanayouma meno kwa baridi, lakini sijawahi kunywa maji kama yale. Yalikuwa ya vuguvugu, yenye mchanga kidogo, na matamu.

Nikamrudishia kata. Hakuipokea.

"Kaa nayo," akasema. "Ni yako."

"Yangu kwa vipi, Bibi?"

"Wewe ndiye mlinzi sasa. Hapa kwetu aliyekiharibu ndiye anayekilinda. Unadhani kwa nini kata ilikuwa kwangu? Kwa wema wangu?" Akacheka, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba hana meno ya mbele. "Nilikuwa bi harusi, kiangazi kikali, nataka nimwoneshe mama mkwe kwamba mimi si mvivu. Nikaingia kisimani na jembe. Tulikunywa maji ya kijitoni mwaka ule mzima. Aliyekuwa mlinzi akanipa kata kama hivi."

Watu hawa hawakukabidhi maji yao kwa mwema wala kwa mwenye cheo. Waliyakabidhi kwa yule ambaye tayari alikuwa amelala na aibu ya kuyapoteza, kwa kuwa huyo hatasinzia. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, nimesikiliza semina nyingi za utunzaji wa maji, sijakutana na busara iliyonitisha namna ile.

"Lakini Bibi, mimi nakwenda kwetu. Ni mbali. Hakuna hata bahari."

"Kisima hakikuuliza kwenu ni wapi."

"Nitalinda mpaka lini?"

"Mpaka aje mwingine akiharibu. Mimi nilikuwa nakula hofu miaka yote, naomba asije mtu wa kunipumzisha. Ukaja wewe."

Nikarudi Hanang na kata kwenye begi. Mwanzoni tuliandikiana barua, maana mlinzi ndiye anayesema kisima kipumzike siku ngapi kiangazi kinapoanza, na hakuna anayegusa chini bila ruhusa yake. Niliwaomba wazee wa kule waniambie kuhusu bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inapojaa na kupwa kupita kiasi, na utando wa maji matamu unapokuwa hatarini. Nikajifunza kuhesabu bamvua nikiwa Katesh, huko Hanang, katikati ya ng'ombe. Simu zilipokuja ikawa rahisi. Bi Somoe alifariki, Mungu amrehemu, na Zaituni ndiye anayenipigia. "Bwana Maji, leo yana ukali kidogo ulimini." Namuuliza mwezi, namuuliza jiwe jeupe limezama kiasi gani, nampa siku za kupumzisha. Yule mtoto aliyekuwa analia amekuwa mtu mzima, sasa ni mmoja wa wachotaji. Mke wangu hunitania mbele ya wageni: "Huyu hapa ana kisima baharini, lakini bomba letu la nyuma linavuja tangu Pasaka."

Nilistaafu. Waliniaga ofisini kwa hotuba, soda na blanketi. Mhandisi kijana alisoma orodha ya visima vyote nilivyochimba, watu wakapiga makofi, nikarudi Daudi kulima ngano na kunywa chai. Nilidhani nimemaliza.

Kiangazi kilichopita simu iliita, namba nisiyoijua.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mhandisi, nimekuja huku na mradi wa pampu ya sola. Hawa akina mama wamenikataza nisiguse kisima mpaka nimpigie mlinzi. Nilidhani uko nyumba ya pili hapa. Wanasema uko Mbulu?"

"Marahaba. Niko Mbulu, nimevaa sweta."

"Mzee, nimepima. Nikishuka mita chache tu, yatatosha kijiji kizima."

Niliketi kwenye ukingo wa kitanda. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ya ujana, ikiniongelesha kutoka ng'ambo ya nchi. Ningeweza kumfokea, nami ni mtu wa kufoka, mwulizeni yeyote wa Daudi. Lakini mimi nilifokewa na nani? Niliambiwa kwa upole, nikakataa.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi sina amri juu yako. Ukitaka, shuka. Ila ujue utaratibu wa hapo. Ukikitia chumvi, utapewa kata, na mimi nitakuwa nimepumzika."

"Kata?"

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Hakunikatiza. Nilipomaliza, nilisikia bahari kwenye simu yake, na sauti ya Zaituni ikimkaribisha mtu akae.

"Mzee," akasema mwisho, "umelinda kwa muda gani?"

Nikamwambia. Akashusha pumzi, akaniaga kwa heshima, akakata.

Siku tatu sikula vizuri. Mke wangu akafikiri ni malaria. Nilikuwa nafikiri kwamba nimechoka kweli, kwamba mwenzangu kijana mwenye miguu mizuri angelinda vizuri kuliko mimi, na papo hapo najichukia, kwa sababu kila nilipotamani kupumzika nilikuwa natamani watoto wale wanywe chumvi. Siku ya nne Zaituni akapiga.

"Bwana Maji, yule mhandisi amefungasha vyuma vyake. Sasa yuko juu ya paa la shule, anafunga mifereji ya kukinga mvua iingie kwenye matangi."

"Na kisima?"

"Hajakigusa. Nimeonja asubuhi hii. Matamu." Akaongeza: "Sasa tunangoja useme, maana bamvua ni kesho kutwa. Tupumzishe siku ngapi?"

Nilifuta macho kwa mkono wa sweta, nikahesabu mwezi kwa vidole.

"Pumzisheni nne," nikamwambia.